Kuhama Dar es Salaam na Kuhamia Kondoa: Mwongozo kwa Mwenye Nia ya Kukaa

Mtu anayefikiria kuhama Dar es Salaam akaishi Kondoa, mkoani Dodoma, aghalabu huenda kuutazama mji huo mwezi wa Machi au Aprili, wakati milima ya Irangi imevaa kijani, uwele umetoa masuke na kila korongo lina maji. Hurudi Dar na picha tele kwenye simu, na moyoni ameshahama. Sisi tulifanya hivyo hivyo, na nyumba tuliyoipenda mwezi wa Aprili kwa sababu ilikuwa na kisima uani, ilipofika Septemba ilikuwa ikitupa ndoo moja ya tope kwa siku. Mwenye nyumba hakutudanganya, kwa kuwa hatukumuuliza. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ambao karibu kila ushauri mwingine utakaofuata unauegemea, ni huu: nenda Kondoa mwezi wa Oktoba, ukae huko wiki mbili, ndipo uamue.

Sababu yake ni hali ya hewa. Mkazi wa Pwani amezoea vuli na masika, hivi kwamba hata ukame ukija anajua kuna mvua nyingine karibu. Kanda ya kati ina msimu mmoja tu wa mvua. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, mara nyingi hukatika kwa muda mwezi wa Februari, kisha hurudi na kumalizika Aprili. Kuanzia Mei hadi Oktoba mtu anaweza kuanika mahindi nje asiangalie mawingu hata siku moja. Ifikapo Oktoba visima vifupi vimekauka, mito imebaki mchanga mtupu, vumbi linaingia hadi kabatini, na bei ya dumu la maji la lita 20 linaloletwa na punda au bodaboda inakuambia ukweli ambao mtu wa Aprili hatauona. Ukiuona mji katika hali hiyo, ukazungumza na watu wake, na bado ukautaka, basi unautaka kweli.

Katika wiki hizo mbili usifikie kwa ndugu, kwa kuwa ndugu atakuchotea maji na kukuficha foleni. Lala gesti siku mbili tatu za mwanzo, kisha omba chumba cha kupanga kwa siku zilizobaki, ujipikie na ujifulie. Nenda sokoni asubuhi na uandike bei. Jioni pita katika mtaa unaoufikiria, usikilize ni saa ngapi bomba linatoka na kwa siku ngapi katika wiki.

Safari yenyewe siku hizi haichoshi. Tangu treni ya reli ya kisasa ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, kutoka Dar hadi Dodoma ni takriban saa nne, na kutoka Dodoma hadi Kondoa ni kilomita zipatazo 160 za lami kwenye barabara kuu iendayo Babati na Arusha. Barabara hiyo ya Dodoma hadi Babati, yenye kilomita 251, ilizinduliwa rasmi mwaka 2018, na wenyeji bado wanapima mambo kwa kusema "kabla ya lami" na "baada ya lami". Jambo moja tu la kuangalia ni kwamba stesheni ya treni na stendi kuu ya mabasi iliyoko Nzuguni haziko pamoja, hivyo usikate tiketi ya basi linaloondoka mara tu treni inapofika.

Fedha na kazi

Inasemwa kwamba maisha ya Kondoa ni rahisi. Usemi huo una ukweli kwa kodi ya nyumba, mafuta ya alizeti, asali, kuku, kunde na unga wa uwele. Hauna ukweli kwa saruji, nondo, vipuri vya gari, dawa zisizo za kawaida na karibu kila kitu kinachotoka kiwandani, kwa sababu vyote hivyo vinafika vikiwa vimebeba nauli juu ya bei. Samaki wa baharini msahau. Tengeneza bajeti mbili, moja ya miezi ya mvua na nyingine ya miezi ya kiangazi, na katika hiyo ya pili weka fungu la maji peke yake. Familia iliyozoea kufungua bomba na kuoga bila kuhesabu hushangaa kuona fungu hilo likikaribia fungu la umeme.

Mtumishi wa umma anayekwenda kwa barua ya uhamisho hana haja ya maelezo marefu hapa, kwa kuwa mshahara wake husafiri naye wala haubadiliki. Anayefanya kazi kwa intaneti naye aende na laini mbili za mitandao tofauti, azijaribu akiwa ndani ya nyumba ileile anayotaka kupanga, saa nane mchana na saa mbili usiku, kwa maana mlima mmoja ukikaa kati ya nyumba na mnara unaweza kukuharibia mkutano ambao barabarani nje ungesikika vizuri. Umeme hukatika, na betri yenye sola ndogo ya kuwasha kompyuta na kifaa cha intaneti kwa saa chache ni sehemu ya vyombo vya kazi.

Mfanyabiashara ndiye anayehitaji kuketi na kutafakari. Kondoa ni mji wa wakulima, na fedha yake hufuata mavuno. Alizeti, ufuta, mbaazi na nafaka vikishatoka shambani, kuanzia katikati ya mwaka, watu hununua mabati, nguo, simu na pikipiki, harusi hufungwa, na dukani kuna foleni. Ifikapo Januari hadi Machi akiba imekwisha, kila senti iliyobaki imekwenda kwenye mbegu na palizi, na mteja mwema kabisa atakuomba umwandike. Mtu anayefungua duka mwezi wa Januari kwa mtaji wote alionao atajikuta ifikapo Aprili ana rafu tupu na daftari lililojaa majina ya majirani ambao hawezi kuwagombeza. Fungua Juni, nunua mzigo kidogo kidogo, na jiwekee mapema kiwango cha mwisho cha kukopesha, kisha ukitaje waziwazi tangu mteja wa kwanza. Leseni ya biashara uliyokata Dar haitakusaidia, kwa kuwa hutolewa na halmashauri ya mahali biashara ilipo. Angalia pia kwamba Kondoa kuna Halmashauri ya Mji na Halmashauri ya Wilaya, na mtu asiyejua eneo lake liko chini ya ipi hupoteza siku nzima akitumwa kutoka dirisha moja hadi jingine.

Wakati wa kuhama na mzigo wa kuhama nao

Wengi huhama Desemba ili watoto waanze shule Januari. Ni hesabu nzuri kwa shule lakini mbaya kwa mzigo, kwa sababu ndio wakati mvua inaanza, na ingawa lami haina shida, kilomita ya mwisho ya kuelekea nyumbani kwako huenda si ya lami. Mimi napendekeza likizo ya Juni. Njia ni kavu, chakula kipya kimefika sokoni, na una miezi minne ya kuzoea kabla ya Oktoba kufika. Uhamisho wa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari hufanyika kupitia PREM, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanafunzi, ukianzia kwa mwalimu mkuu au mkuu wa shule anayotoka, hivyo omba nafasi katika shule mpya kwanza na usimwondoe mtoto kabla uhamisho haujakubaliwa pande zote mbili.

Juni ina baridi. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban meta 1,400 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa asubuhi za Juni na Julai hauna huruma na shuka moja ya Dar. Nunua mablanketi na masweta ya watoto kabla ya safari, kwa kuwa mitumba ya Dar ina uchaguzi mpana zaidi. Kiyoyozi kiuze. Sofa kubwa pia ningeiuza, maana nafasi iliyochukuliwa na sofa ndani ya Fuso ingetosha mapipa manne ya maji, na mapipa utayahitaji zaidi ya sofa. Kuhusu hiyo Fuso, usikodi gari la kwenda na kurudi, bali tafuta lori lililoleta mazao Dar na linalorudi kanda ya kati, uzungumze na dereva na mwenye gari kwa pamoja, ukubaliane nao bei ikiwa ni pamoja na kushusha.

Nyumba ya kwanza iwe ya kupanga

Usinunue wala kujenga mwaka wa kwanza. Panga nyumba, na wakati wa kuikagua anza na maji, kisha maji, ndipo vyumba. Muulize mwenye nyumba swali lililonyooka: "Mwaka jana mwezi wa kumi mlikuwa mnapata maji wapi?" Kisha nenda ukamwulize jirani swali hilohilo. Mji umezoea kujivunia chemchemi yake, na kwa haki, lakini kuwapo kwa chemchemi hakumaanishi kwamba bomba lililo mlimani kwako lina msukumo wa kutosha.

Kuna wahamiaji wanaoamini kwamba kuvuna maji ya mvua kutamaliza tatizo, basi tupige hesabu. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya meta moja ya mraba ya paa hutoa lita moja. Paa la bati la meta 60 za mraba likipata mvua ya milimita 10 hutoa lita 600, ukiondoa zinazomwagika. Kwa mvua za msimu mzima unaweza kujaza matenki mawili ya lita 5,000 bila taabu na kuyafunga yakiwa yamejaa mwisho wa Aprili. Sasa familia ya watu watano, ikijibana kwa lita 20 kwa kila mtu kwa siku, hutumia lita 100. Matenki hayo yatadumu siku 100, yaani hadi mapema Agosti, na Oktoba bado iko mbali. Maana yake ni kwamba mifereji ya paa na tenki ni vitu vya lazima na vitakupunguzia gharama sana, lakini haviondoi haja ya bomba au kisima kirefu. Njia bora ni kutumia bomba kadiri linavyotoka na kulitunza tenki hadi mambo yawe magumu. Sisi tulifanya kinyume, tukafurahia maji ya tenki mwezi wa Mei na Juni, tukajutia mwezi wa Septemba.

Mambo mengine ya nyumba ni mepesi. Hakikisha mita ya LUKU haina deni, na mkubaliane kwa maandishi nani anabeba kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia ununuzi wa umeme na hivyo humwangukia mpangaji asiyeuliza. Dar tumezoea kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Huku omba miezi mitatu, na mara nyingi utasikilizwa, hasa ukiwa umekuja kuonana na mwenye nyumba mwenyewe badala ya kumtuma dalali.

Kuingia katika mtaa

Chukua barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa unakotoka, uipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa unakohamia ndani ya siku chache za kufika, kabla hujaombwa. Watu wa Dar hulichukulia jambo hili kama urasimu. Katika mji mdogo ndilo linalokutenganisha na mtu asiyejulikana, na siku mtoto wako atakapochelewa kurudi au usiku utakapoita msaada, litakuwa na thamani yake. Baada ya mwenyekiti, pita nyumba za jirani zilizo karibu, pande zote, ujitambulishe. Shikamoo kwa mzee hata kama una haraka, na usimpite mtu barabarani kimya kwa kisingizio kwamba humjui. Wewe humjui, yeye ameshaambiwa wewe ni nani.

Usimwite kila mtu wa huku Mgogo. Ni kosa la kawaida la watu wa Pwani wanaodhani mkoa wa Dodoma ni kabila moja. Kondoa ni kwa Warangi, na upande wa wilaya jirani ya Chemba wapo Wasandawe na Waburunge ambao lugha zao si za Kibantu kabisa. Kiswahili kitakutosheleza sokoni na ofisini, lakini salamu za Kirangi zitakufungulia mazungumzo ambayo Kiswahili hakiyafungui. Ukiendelea mbele kidogo utakutana na kioja chake, kwamba katika wakati ujao kitenzi kikuu hutangulia na kitenzi kisaidizi hufuata, jambo adimu sana katika lugha za Kibantu, nawe utachekwa kwa upole hadi uzoee.

Wakazi wengi wa mji ni Waislamu. Asiye Mwislamu anaishi vizuri na kusali kwa uhuru, ila ajue kwamba Ijumaa adhuhuri shughuli husimama kwa muda, kwamba mwezi wa Ramadhani migahawa mingi haiwashi jiko mchana, na kwamba kula hadharani mwezi huo ni ukosefu wa adabu hata kama hakuna atakayekuambia. Ukialikwa kufuturu, nenda. Na msiba ukitokea mtaani, usitume rambirambi kwa simu ukadhani umemaliza. Nenda mwenyewe, kaa mkekani, na ikibidi beba maji. Mwaka wa kwanza tuliona misiba inatula muda, baadaye tukaelewa kwamba pale ndipo majirani walipotujua majina.

Matibabu

Magonjwa ya kawaida na uzazi wa kawaida hushughulikiwa hospitali ya mjini. Mwenye ugonjwa wa kudumu unaohitaji daktari bingwa ajue kwamba bingwa wake wa karibu yupo Dodoma, ambako kuna hospitali ya rufaa ya mkoa na Hospitali ya Benjamin Mkapa, inayosafisha damu kwa wagonjwa wa figo na hata kupandikiza figo. Mtu anayesafishwa damu mara mbili au tatu kwa wiki asihamie Kondoa. Akae Dodoma mjini. Mwenye kisukari au shinikizo la damu anaweza kukaa vizuri, mradi aje na muhtasari wa matibabu ulioandikwa na daktari wake, dawa za miezi miwili, na apige simu katika maduka ya dawa ya mji kuuliza iwapo dawa zake hupatikana kwa majina yale yale. Weka pembeni fedha ya kukodi gari hadi Dodoma usiku, usiiguse kwa jambo lingine.

Ardhi, baada ya Oktoba ya pili

Ukishapita Oktoba moja ukiwa mpangaji, na ikiwezekana ya pili, sasa unaweza kutafuta kiwanja. Mjini tafuta kilichopimwa, na kabla ya kutoa hata shilingi ya "kishika uchumba" peleka namba yake katika ofisi ya ardhi ya halmashauri wakuthibitishie mmiliki. Kijijini mambo ni tofauti. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, ardhi husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na karatasi iliyosainiwa na muuzaji na mashahidi wawili chini ya mwembe haikupi kinga unayoidhania. Ombi lako lipite katika halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, lionekane kwenye muhtasari, nawe uwepo siku linajadiliwa ili watu wakuone na wakuulize maswali.

Udongo wa Kondoa una historia ambayo mnunuzi wa kiwanja hana budi kuijua. Mmomonyoko ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ujulikanao kama HADO, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika sana, lenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Miti na majani vilirudi, makorongo mengi yakatulia, na ng'ombe waliporuhusiwa baadaye walikuja kwa utaratibu wa kufugiwa bandani na kukatiwa majani. Kwa hiyo anayehama na ndoto ya kundi la ng'ombe wakirandaranda nyuma ya nyumba aulize kwanza kijiji kina sheria gani ndogo. Mara nyingi jibu litakuwa ng'ombe wawili wa maziwa bandani, na hao wanatosha.

Kwa ujenzi, onyo ni kwamba korongo lililotulia si korongo lililokufa. Kiwanja chenye mandhari nzuri ukingoni mwa bonde huuzwa kwa bei nafuu kwa sababu ambayo muuzaji haitaji. Tazama mizizi ya miti iliyo ukingoni: ikiwa iko wazi na inaning'inia, udongo umeondoka katika maisha ya mti huo. Waulize wazee korongo lilikuwa wapi walipokuwa watoto, na upime kwa hatua umbali kati ya pale na lilipo leo. Kisha subiri mvua. Mwezi wa Desemba au Januari, mara tu mvua kubwa inapokatika, vaa mabuti uende kiwanjani kabla maji hayajakauka, usimame pale unapotaka kuweka mlango wa mbele, na uangalie maji yanakuja kutoka upande gani na yanaelekea wapi. Yakipita miguuni pako yakiwa mekundu na yenye kasi, mshukuru mwenye kiwanja na urudi kwenye nyumba yako ya kupanga.